Pindo la Koti la Abisinia

Nilistaafu mwishoni mwa mwezi uliopita. Walinikatia keki, wakanipa na saa ya mkononi, zawadi nzuri kwa mtu ambaye sasa hana mahali pa kuchelewa. Halafu Neema, anayesimamia kumbukumbu za jumba letu, akanivuta pembeni na kunikabidhi daftari. "Mzee," akasema, "kadi zote ninazo. Niandikie yale ambayo hayamo kwenye kadi." Neema ni Mkenya, amesoma sana, na akikuganda juu ya jambo haachi. Basi naandika kwa ajili yake, na kwa ajili yako wewe uliyekalia kiti changu katika karakana ya nguo, nyuma ya jumba la makumbusho ya vita. Kiti hicho mguu mmoja ni mfupi. Mimi nilikuwa naweka kipande cha kadibodi chini yake.

Mambo ya vyeo nitayaruka. Nilianza na sindano nikamaliza na sindano.

Natoka Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Hapa Johannesburg nilianzia Malvern, barabara ya Jules, katika chumba kimoja na msusi na kijana wa kutengeneza simu. Januari nilishona sare za shule, Desemba kanzu za kwaya, na miezi ya katikati nilibadilisha zipu. Siku moja akaingia mzee wa Kisotho, mrefu, amevaa tai, akaweka mezani suruali ya kaki yenye tundu gotini. Akaniuliza kama naweza kuliziba asilione tena. Nikamwambia arudi kesho kutwa. Aliporudi aliipeleka suruali mlangoni penye mwanga, akaigeuza nje ndani, kisha akainusa. "Umeifua?" akauliza. Nikamjibu hapana, aliyeleta nguo kushonewa hakuomba kufuliwa. Hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza. "Mwenyewe alifia kwenye milima ya Italia," akasema. "Njoo kazini Jumatatu."

Huyo ndiye Ntate Molefe, aliyenifundisha kazi. Ntate kwao ni baba, nami sikumwita vinginevyo mpaka siku tuliyomzika Soweto.

Siku ya kwanza alinitembeza ukumbini kabla milango haijafunguliwa. Wewe umeshauzoea ukumbi huo, lakini jaribu kukumbuka ulivyouona mara ya kwanza: hauna madirisha, baridi yake ni ile ile kiangazi na masika, na masanamu yamepangwa safu safu, yamevaa sare za watu waliokufa, na hakuna hata moja lenye uso. Ntate Molefe alisimama mlangoni akavua kofia, akawaamkia. Nikadhani anatania. Akaniambia niwaamkie na mimi, kwa lugha yangu. Nikasema, "Hamjambo," kwa sauti ndogo, huku naona haya. Tukasimama kidogo, kama mtu anavyosimama baada ya kupiga hodi, ndipo tukaingia.

Alinifundisha kwamba nguo inajua vita kuliko kitabu. Kabla ya kuchomoa uzi, alikuwa ananifumba macho kwa kitambaa na kuniwekea nguo mikononi. "Huyu alipigana wapi?" Mwanzoni nilibahatisha. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa sikosei. Mashati ya jangwani, ya Tobruki na El Alamein, yamekauka, uzi wake unavunjika kama tambi mbichi, na mabegani yamepauka isipokuwa pale mikanda ilipopita. Nguo za Italia zimeisha magotini na viwikoni, maana kule walipanda miamba kwa kutambaa, na tope lake halitoki, wala usijaribu kulitoa. Za Burma zina ukungu. Za Abisinia zimeungua mgongoni, chini, kwa sababu nyanda za juu za kule zina baridi kali na askari walilala wameupa moto mgongo. Ukiona tundu la moto kwenye pindo la nyuma, usihangaike kutafuta kadi.

Mengine Ntate aliyasema mara moja tu. Usiingize mkono mfukoni kabla hujabisha kwa vidole juu ya kitambaa. Usikae na nguo mbili za pande zilizopigana kwenye meza moja. Na hili, ambalo nililiona jepesi kuliko yote: shona kilichochanika tu. Kilichoachwa wazi kina sababu yake, na sababu hiyo si yako.

Sasa nikueleze habari ya mchanga, kabla hujaipeleka kwa Neema kama nilivyofanya mimi. Chini ya sanamu la Tobruki, lile la pembeni lenye buti zisizo na kamba, kila Jumatatu utakuta mchanga. Ni kidogo, kama chumvi iliyomwagika mezani. Nilifagia wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilikagua buti, ni tupu. Nilikagua dari, ni zege. Nikamwuliza Ntate. Akasema, "Mji ule ulipoanguka walichukuliwa mateka wengi kwa siku moja, Fundi. Wengine bado wanatembea. Wewe fagia." Neema alipokuja miaka mingi baadaye alinieleza kuhusu vumbi la migodi na upepo wa Agosti, na alieleza vizuri sana. Lakini na yeye huliamkia sanamu lile. Nimemwona.

Vilevile shati la Burma. Mwenyewe alikuwa kijana wa Tanganyika, askari wa mabonde yale ya mvua isiyokoma. Kwenye baridi kavu ya hapa kwetu, Julai, midomo ikipasuka, shati hilo huwa na unyevu kwapani. Lipangusie kitambaa kikavu halafu uendelee na kazi nyingine.

Hapa lazima nizungumzie mama yangu, kwa sababu bila yeye hutaelewa kosa langu.

Kwetu, wanawake wa ziwani wana desturi yao. Mtu akisafiri safari ya mbali, mwanamke wa nyumbani humtengenezea nguo ya safari, lakini pindo halimalizi. Huacha vidole vinne wazi, uzi unaning'inia bila fundo, na anamwambia msafiri, "Utakuja nimalizie." Aliyeacha pindo wazi ndiye wa kulifunga. Akifa, anamwachia binti yake sindano. Mtu mwingine haligusi.

Babu yangu mzaa mama, Kisimba, alichukuliwa jeshini wakati wa vita ile kubwa, akapelekwa na wenzake wa Kongo mpaka Abisinia kupigana na Waitaliano. Wazee walilitaja jina la Saio, mji wa mlimani ambako vita yao iliishia, na walilitaja kwa kunong'ona. Kabla hajaondoka alipewa koti la jeshi, refu mno kwake, nalo bibi akalifupisha. Mama yangu wakati huo alikuwa bado ananyonya. Babu hakurudi, wala haikuja barua, wala hakuna mwenzake aliyesema amemwona akianguka. Bibi alimngoja mpaka akafa, na sindano akamwachia mama.

Macho ya mama yalipoanza kufunga nilimleta Malvern. Alikuja na begi moja na sindano hiyo, imechomekwa kwenye kimto kidogo, ina uzi tayari. Vitukuu wake walimjibu kwa Kizulu na yeye akawajibu kwa Kiswahili, wakaelewana kwa namna yao. Mwaka juzi moyo wake ulianza kuchoka. Daktari alisema tusimchoshe na safari. Mama akaniambia, bila huzuni, kama mtu anayezungumzia sufuria iliyo motoni, "Mimi siwezi kwenda kaburini, mwanangu. Baba yangu hajafika. Nikienda, nani atamufungia?" Nilikuwa namwambia apumzike. Iliniuma kila mara.

Mwezi huo huo kamati ya jumba iliamua kupunguza mizigo ya stoo. Kitu kisicho na jina wala hadithi kitoke, na kama kina wadudu kichomwe. Masanduku ishirini yakaletwa karakana niyapitie kabla ya Ijumaa. Nilikasirika kweli kweli. Jumatatu ile nilikuwa nimeshika simu kwa bega, nikibishana na mtu wa kamati ambaye hajawahi kutunga uzi kwenye sindano, na mikono yangu inaendelea na kazi yenyewe. Mezani palikuwa na koti zito la rangi ya majani makavu, limetobolewa na nondo, halina namba, limetoka sanduku lililoandikwa tu kwamba ni la hospitali ya jeshi. Kidole changu kikakutana na pindo lililofumuka. Fundi akikuta pindo lililofumuka analifunga, ndivyo tulivyolelewa. Nikachukua uzi wangu wa kahawia, nikapiga mishono kumi na miwili, nikatia fundo, nikakata. Nilimaliza kushona kabla ya kumaliza kubishana.

Nikafunga karakana kwa ufunguo, nikaenda kula. Umeme ulikuwa umekatika, kama kawaida ya siku zile, kwa hiyo nilikaa nje juani, ndege wa hadeda wakipiga kelele kwenye nyasi. Nilikuwa nimetafuna nusu ya mkate nilipokumbuka kwamba pindo lile halikufumuka. Uzi wake ulikuwa unaning'inia, mrefu, umenyooka, haujakatika popote. Na uwazi wake ulikuwa vidole vinne. Na uzi wenyewe haukuwa wa jeshi. Ulikuwa mnene, wa kusokotwa, wa kutengenezea nyavu.

Mkate ulinishinda. Nikarudi mbio, na mimi si mtu wa kukimbia.

Mlango ulikuwa umefungwa nilivyouacha, na ufunguo ninao mimi. Nikawasha tochi ya simu. Koti lilikuwa pale pale mezani. Pindo lilikuwa wazi, vidole vinne, uzi wa wavu unaning'inia kama mwanzo. Na uzi wangu wa kahawia ulikuwa umelala kando ya koti. Tazama hapa vizuri, wewe fundi. Ukifumua mshono kwa mkasi unapata vipande. Huu ulikuwa mzima, na fundo langu mwishoni, na mawimbi yote kumi na mawili bado yamo. Umetolewa polepole, tundu kwa tundu, na mtu mwenye subira.

Nikakaa kwenye kile kiti kibovu. Nikanyoosha mkono nikabisha juu ya mfuko wa koti, kwa vidole viwili. Kisha nikasema, "Nisamehe, babu. Sikujua."

Koti lilikuwa baridi. Nguo zote za ukumbini ni baridi, lakini hili lilikuwa na baridi ya kuumiza kucha.

Neema nilimweleza yote, na yeye akanisikiliza akiwa ameshika kalamu bila kuandika. "Mzee, pengine ulidhani tu umeshona," akasema. Nikamwonyesha ule uzi. Akautazama sana. Halafu akasema kwamba mawimbi ya uzi hayawezi kuandikwa kwenye kadi, na Ijumaa kamati itauliza jina, na koti lina nondo. "Kuna mtu anayeweza kulitambua?"

"Yuko mmoja," nikasema. "Lakini haoni, na daktari amemkataza safari."

Jioni hiyo nilimweleza mama. Nilitegemea atalia. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama mgongoni limeungua. Nikasema limeungua, chini kulia. "Alikuwa mutu wa baridi," akasema. "Mama alisemaka hivyo. Kesho unipeleke." Nikamwambia habari ya moyo wake. Akasema moyo ni wake na anajua anautunzia nini.

Haikuwa kesho, ilikuwa Alhamisi, maana Jumanne na Jumatano alikuwa hawezi kusimama. Siku hizo mbili sikulala usingizi wa maana. Niliogopa afe kabla ya kufika, na niliogopa afike halafu koti liwe la mtu mwingine. Mchungaji wetu alituazima gari na dereva. Kwenye robot ya mwisho, taa za barabarani, mama alishika mkono wangu akauliza kama bado ni mbali. Alikuwa anahema kwa shida. Nikamwambia tumefika, na haikuwa kweli.

Neema alitupokea mlangoni na kiti cha magurudumu. "Karibu, shosho," akasema, na shosho kwao ni bibi. "Aksanti, binti yangu," mama akajibu. Tulipopita ukumbini mama aliomba tusimame. Aligeuza kichwa upande wa Tobruki, kisha upande wa Burma, kama mtu anayesikia majina yakiitwa. "Batu ni bengi hapa," akasema. "Mbona bote banasimama? Muwape viti." Neema alinitazama. Mimi nikasukuma kiti.

Karakana nilikuwa nimetandika shuka safi mezani. Mvua ya mawe ikaanza kupiga bati, umeme ukakatika, na tukabaki gizani saa tisa mchana. Nikatafuta simu. Mama akaniambia niiache, yeye taa haimsaidii.

Nilisikia vidole vyake vikitembea kwenye pindo. Vilikwenda mpaka mwisho, vikarudi, vikasimama mahali. Bibi alikuwa na tabia katika kushona kwake: kila baada ya mishono sita alirudi nyuma mmoja. Mama alimwiga, nami nilimwiga mama, mpaka Ntate Molefe alinikemea kwa kupoteza uzi.

"Hii ni mukono ya mama," akasema. Akapapasa tena pale pale. "Ni yeye."

Neema akakohoa. Akasema, kwa upole, kwamba hairuhusiwi kabisa kuongeza mshono kwenye mali ya jumba, na kwamba yeye ndiye mwenye kulinda sheria hiyo. Kisha akasema ana simu ya kupiga, itamchukua dakika kumi, na hatakuwa na sababu ya kugeuka. Akasimama kwenye mlango, mgongo kwetu. Simu hakuipiga.

Mama alichomoa sindano kwenye kimto, akaitoa uzi wake mwenyewe, akaitunga ule wa wavu uliokuwa unaning'inia. Mwanamke asiyeona, gizani, mara moja tu. Uzi wa umri ule hukatika ukiutazama, mimi nimekata mingi, na nilijua huu utakatika. Haukukatika. Alishona akizungumza chini chini. Alikuwa anasema habari za nyumbani, nani alizaliwa, nani alikufa, nyumba iliezuliwa na upepo gani, na mahali pengine alinyamaza kidogo, akacheka, akaendelea. Ulipofika mshono wa mwisho uzi ulibaki wa kutosha fundo moja. Akafunga, akakata kwa meno yale mawili aliyobaki nayo. "Karibu nyumbani, baba," akasema.

Umeme ukarudi. Neema akageuka, macho yake mekundu, akauliza kama tumemaliza kulikagua koti. Nikaliinua nilirudishe sandukuni. Kwa ndani, mgongoni, lilikuwa na joto, joto la nguo iliyovuliwa sasa hivi. Nikampa Neema alishike, ili nisiwe shahidi peke yangu. Alilishika kidogo akanirudishia haraka.

Kamati haikulitoa. Kadi yake inasema, Kisimba, wa Kalemie, medani ya Abisinia, limetambuliwa na binti yake. Najua, wanawake wengi wa ziwa letu walishona kwa uzi wa nyavu, na waume wengi waliondoka na makoti ya jeshi. Neema aliniuliza hilo naye. Nikamjibu kwamba vidole vya mama nilivisikia vikisimama. Limevalishwa sanamu la mwisho upande wa kushoto. Ukipita liamkie, lakini hutakuta kitu chini yake wala kwapani mwake. Ni nguo tu sasa, na ndilo sanamu pekee ukumbini ninaloweza kulipa mgongo bila wasiwasi.

Mama alikaa wiki tatu baada ya hapo, akila vizuri na kuwatania vitukuu. Halafu asubuhi moja hakuamka. Kile kimto kilikuwa kwenye mto wangu wa kulalia, upande ninaoweka kichwa. Sijui alikiweka lini.

Gauni lake la kuzikiwa nililishona mwenyewe, katika karakana, kwenye meza ile ile. Lilikuwa jeupe, la mikono mirefu. Nilitumia sindano yake. Pindo nililifunga lote kuzunguka, sikuacha hata nafasi ya ukucha. Nilitaka mama yangu asingoje wala asingojwe. Aliwangojea watu miaka yote, akamaliza kazi aliyoachiwa, basi alale. Nilitia fundo mara mbili, nikalitundika nyuma ya mlango, nikafunga kwa ufunguo.

Asubuhi nilikwenda kulichukua pamoja na akina mama wa kanisa. Lilikuwa limetundikwa nilivyoliacha. Pindo lilikuwa wazi, vidole vinne, mbele kushoto, na uzi unaning'inia bila fundo. Mmoja wa wale akina mama aliliona, akasema, "Fundi, umesahau hapa," akafungua mkoba kutafuta sindano.

Nikamwambia aache. Tulimzika hivyo hivyo.

Kwa hiyo wewe uliyekalia kiti changu, ile sindano ya mama usiitafute kwenye vifaa vya karakana. Ninayo mimi nyumbani Malvern, na nimeshaitunga uzi.